Kwanini kesi za mauaji za kwenye sizoni zinatushika mpaka saa nane usiku

Kuna dada mmoja wa Makambako kaniandikia. Naweka swali lake hapa ili wengine mjue najibu nini:

"Shikamoo wakili. Mi ni mama wa watoto wawili, nina duka la vifaa vya shule. Usiku watoto wakishalala nafungua sizoni za kesi za mauaji, zile za mahakamani, nikianza siachi mpaka saa nane. Mama mkwe anasema mtu mzima anayependa kuangalia watu wanauliwa ana roho ya ajabu. Sasa mi najiuliza, nini kinanivuta huko wakati damu yenyewe naiogopa, hata kuku nachinjiwa na jirani? Na mahakama zetu huku ziko kama zile? Nauliza kwasababu nataka siku moja niandike ya kwangu, ya huku kwetu."

Marahaba mwanangu. Swali lako nimetembea nalo siku nne, mahakamani, sokoni Mwanjelwa, mpaka kwenye daladala ya Uyole, na ntakujibu kwa kirefu manake umeuliza kitu ambacho mi kazi yangu ndo hiyo, uwakili, zaidi ya miaka ishirini huku Mbeya na Iringa, kesi za mauaji nimesimama nyingi, na bado nikirudi nyumbani usiku nasoma hizohizo riwaya za kesi za mauaji na blanketi mbili juu.

Tuanze na mama mkwe, yule ni mzazi na hoja yake si ya kupuuza. Mwombe kwa heshima siku moja akae na wewe aangalie mwanzo mpaka mwisho. Sizoni ya mahakamani ya saa zima, kuuliwa kwenyewe anaonyeshwa labda dakika moja, na mara nyingi haonyeshwi kabisa, stori inaanza mtu keshakufa, mwili uko mochwari, damu imeshakauka. Dakika zote zilizobaki ni watu wanaulizana maswali. Ulikuwa wapi, ulimuona kwa taa gani, hilo shati umelinunua lini, mbona polisi ulisema vingine. Ungekuwa unapenda damu ungeangalia zile muvi za mapanga na bunduki, ziko tele, flashi moja inabeba za mwaka mzima. Wewe unachokesha nacho ni kuona mtu anaulizwa na hana pa kukimbilia, lazima ajibu.

Na hiyo hamu ya kuona mtu anaulizwa mpaka mwisho, kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, mi naona inatoka msibani.

Wewe unaijua misiba ya huku. Mtu mzima kafa ghafla, au kakutwa kwenye shamba la mahindi asubuhi. Mwili haujatoka hata hospitali, jina limeshaanza kutembea. Wanaume wamekaa kwenye moto nje, mwezi wa sita, baridi inauma, makoti mazito na ulanzi unazunguka, wanawake wako jikoni wanamenya viazi, na hakuna mtu anayetamka kitu wazi, ila mmoja anasema "si walikuwa wanagombania ule mpaka wa bondeni", mwingine anaitikia "mh", mwingine anakohoa. Basi. Hukumu imeshatoka. Na yule aliyetajwa huenda muda huohuo yuko hapohapo msibani anapasua kuni, hajui kitu, anashangaa tu mbona leo watu wananisalimia nusunusu. Hakuna atakayemuuliza yule aliyesema "wewe ulijuaje, ulikuwa umesimama wapi, saa ngapi, na wewe na huyu mna ugomvi gani". Ukiuliza hivo msibani unaonekana mtovu wa adabu, au unamtetea muuaji. Kwahiyo jina linabaki hewani miaka na miaka, wajukuu wanalikuta, hawaoani na ule ukoo na sababu hawaijui.

Wakati mwingine halibaki hewani. Linapelekwa kwa mganga wa ramli, mganga anasema ni mtu wa karibu, ana nyumba ya bati jipya, na watu wanarudi na petroli. Serikali imepiga vita hizi ramli chonganishi miaka nenda rudi, na sisi tunaoshika kesi za huku tunajua nini huwa kinafuata wananchi wenye hasira kali wakishapata jina.

Mahakama kwa maisha yetu ndo sehemu peke yake ninayoijua ambapo yule mtu wa "si walikuwa wanagombania mpaka" anaitwa kwa jina lake, anapanda, anaapa, afu mtu mwingine anasimama mbele yake na kumuuliza taratibu: ulijuaje. Hiyo raha mwanangu ndo unayoipata saa nane usiku. Ile minong'ono inasimamishwa wima mbele ya watu na kuambiwa ijieleze. Hata kama stori ni ya Chicago au ya London, mtu wa Makambako anaielewa vizuri sana kwasababu msiba aliutoka juzi.

Ngoja nikupe tukio moja la kwangu, la zamani, na nimebadilisha vitu vidogo ili familia zisijulikane. Kijiji kiko juu kule Uporoto, watu wa viazi na pareto. Mtu kakatwa na panga usiku, kafa. Jirani anasema alimuona mshtakiwa anatoka kwenye boma ya marehemu na panga mkononi, umbali kama hatua ishirini, mbalamwezi inawaka, wala hakubahatisha manake anamjua tangu utoto. Mi nilikuwa kijana, mahakama imenipangia kumtetea huyu mshtakiwa kwasababu hana uwezo wa kuweka wakili, nimeonana naye mara mbili tu, na nikuambie ukweli, mwanzoni nilijua ndo yeye. Kila mtu pale ndani alijua ndo yeye. Ndugu wa marehemu walijaa mabenchi yote ya nyuma.

Sasa hapa katikati lazima nikueleze kitu cha sheria, hakichoshi. Mwaka 1980 Mahakama yetu ya Rufani kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ilisema ushahidi wa kusema "nilimuona kwa macho" ni wa kuangaliwa kwa makini sana, ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, na mahakama isiutegemee mpaka ijiridhishe hakuna nafasi ya kumfananisha mtu vibaya. Ikataja mambo ya kuuliza: shahidi alimuangalia huyo mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa anamfahamu kabla au hapana. Toka hapo mawakili wa nchi hii tunaulizia taa mpaka watu wanatuchoka. Chemli au sola? Ilikuwa imening'inizwa wapi? Ilikuwa inamulika uso au mgongo?

Basi nikasimama. Sikuuliza mbalamwezi, ningeuliza mbalamwezi angesema ilikuwa kama mchana. Nikamuuliza habari za ng'ombe wake. Una ng'ombe wangapi, huwa unawakamua saa ngapi, na asubuhi ya siku ile uliwakamua saa ngapi. Akasema nilichelewa. Kwanini ulichelewa? Akasema ukungu, siku ile ukungu ulikuwa mzito, huoni hata banda. Ulianza asubuhi hiyo? Akasema hapana, kule kwetu mwezi wa saba ukungu unashuka tangu usiku, ule ulishuka watu tunakula chakula cha jioni.

Akanyamaza. Kajisikia mwenyewe. Na mi nikakaa chini, sikuongeza neno. Kule nyuma kwenye mabenchi ukasikia watu wanajigeuza, zile mbao zinalia, na nilimuona mzee mmoja ndugu wa marehemu anamwangalia yule shahidi kwa jicho lingine kabisa, sio la chuki, la mtu anayeanza kuhesabu upya. Yule shahidi wala hakuwa mwongo, hilo nakuhakikishia, ye aliamini kabisa kuwa kamuona. Aliliona panga, akaona umbo la mtu kwenye ukungu, jina akalipata msibani.

Hiyo sekunde ya mabenchi kulia ndo watunzi wote wa hizi stori wanaitafuta. Mtu aliyekuwa na uhakika anaupoteza mbele ya macho yako, na wewe unayeangalia unaupoteza naye. Ukijichunguza utaona hufurahi zaidi pale muuaji anapojulikana, unafurahi pale unapogundua kuwa wewe mwenyewe ulishamhukumu mtu tangu sehemu ya pili, ukamwambia mumeo "ni huyu bwana, mwangalie macho", na sasa unaona haya peke yako sebuleni na hakuna aliyeumia. Kwenye maisha ukikosea hivo mtu anachomewa nyumba. Kwenye stori unapewa nafasi ya kukosea, kujua kuwa umekosea, na kesho ukakaa msibani na mdomo mzito kidogo.

Mshtakiwa wangu aliachiwa. Na mpaka leo sijui nani alimuua yule mtu. Hapa ndo kwenye tofauti kubwa kati ya mahakama na stori, na watu wengi hawaijui. Mahakama haijibu swali la "nani kaua". Inajibu swali jembamba zaidi: je, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, imethibitisha bila kuacha shaka ya maana kwamba huyu aliyeko kizimbani ndo kaua, na alikusudia? Kama haijathibitisha, anatoka, na swali la nani linarudi kijijini bila jibu. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kuwa hana hatia, na hili tumelirithi Uingereza, kuna kesi ya 1935 ya kijana wa miaka 21 wa shambani anaitwa Woolmington, mkewe kafa kwa risasi, ye anasema bunduki ilifyatuka bahati mbaya, jaji wa chini akawaambia baraza, wale raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, kuwa kijana ndo athibitishe hiyo bahati mbaya, wakubwa wa juu wakasema hapana, tangu lini, na wakamuachia.

Unakumbuka vitendawili vya utotoni? Kitendawili, tega, mnashindwa wote, mtegaji anasema nipeni mji, mnampa Iringa, anaukataa, mnampa Mbeya, anakubali, anajisifu kule mjini kwake halafu ndo anawapa jibu. Riwaya ya kesi ya mauaji ni mtegaji anayelipa, unampa usiku wako mzima, anaupokea, na mwisho jibu analitoa. Mahakama ya kweli inachukua mji wako na jibu wakati mwingine haitoi. Kwahiyo mi ninayetoka kwenye kesi ya namna ile, nikifika nyumbani nahitaji kabisa kitabu ambacho ukurasa wa mwisho utaniambia nani. Ni haja ya kweli, kama kiu.

Haya, swali la pili, kama mahakama zetu ziko kama zile. Haziko, na tofauti zake zenyewe ndo utamu kwa mtu anayetaka kuandika.

Kwanza sisi hatuna lile baraza la watu kumi na wawili la Marekani. Kule wakili anacheza na sura za watu kumi na wawili wa kawaida, ndo maana anatembeatembea, anapaza sauti, anaweka mkono kwenye kizuizi. Kwetu anazungumza na jaji mmoja ambaye anaandika, na kwa miaka mingi ilikuwa kuandika kwa mkono, utasikia "shahidi, taratibu, mahakama inaandika", na shahidi analazimika kukaa na sentensi yake kimya mpaka kalamu imalize. Huo ukimya sijauona kwenye sizoni yoyote na ni mtamu kuliko kelele zao zote. Zamani tulikuwa na wazee wa baraza, kesi ya mauaji Mahakama Kuu ilikuwa lazima wakae wawili watatu na jaji, wasikilize yote, mwisho kila mmoja atoe maoni yake, jaji hafungwi nayo ila lazima ayasikie. Sheria ikabadilishwa 2022, saivi sio lazima tena. Mi nawakumbuka sana wale wazee, manake walikuwa wanauliza maswali ambayo wakili msomi hayamjii, mmoja aliwahi kumuuliza shahidi "huyo mbwa wako usiku huo alibweka?", swali hilohilo tu, na kesi ikapinda. Mtu anayeangalia stori hizi nyumbani kwake anakaa kwenye kiti cha mzee wa baraza, anasikia yote, ana maoni yake, na hakuna anayemzuia kuyasema.

Pili, yule shahidi wa ghafla, mlango unafunguliwa nyuma wote wanageuka, kwetu huyo hayupo kirahisi. Kesi ya mauaji inaanzia mahakama ya chini, pale mshtakiwa anasomewa shtaka lakini hatakiwi kujibu chochote kwasababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza, dhamana hakuna, anarudi rumande, inatajwa, inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, karandinga linakuja na kuondoka, siku upelelezi ukikamilika anasomewa maelezo ya mashahidi wote ndo kesi inapanda Mahakama Kuu. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa, upande wa mashtaka hauwezi kumleta tu bila kutoa taarifa ya maandishi mapema. Kwahiyo mshtuko wa kwetu hautoki mlangoni, unatoka ndani ya maneno ya mtu ambaye wote tulijua anakuja.

Tatu saa. Sheria inawapa polisi masaa manne ya kumhoji mtu toka anapowekwa chini ya ulinzi, wakihitaji zaidi lazima waombe nyongeza kwa utaratibu. Mtu kakamatwa saa mbili asubuhi, maelezo ya onyo, yale anayoandikwa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, kaandikwa saa tisa alasiri, na ndani yake kakiri kila kitu, hapo wakili anasimama anapinga yasipokelewe, kesi kubwa inasimama, inaendeshwa kesi ndogo ndani ya kesi, kujua tu kama hilo ungamo lilipatikana kihalali na kwa hiari. Nimeona kesi imelalia karatasi moja namna hiyo, na karatasi imeanguka kwa hesabu ya masaa. Familia ya marehemu inalia inasema kakiri mwenyewe! Ukitaka stori yenye maumivu pande zote mbili iko pale, hakuna mbaya wala mzuri, kuna saa ya ukutani.

La adhabu pia ulijue, manake ndo linaweka uzito kwenye kila neno. Kuua kwa kukusudia kwa sheria yetu adhabu yake ni moja, kunyongwa, jaji akishakuta kosa hilo hana pa kupunguza. Ni kweli toka 1994 hajanyongwa mtu, lakini hukumu zinaendelea kutolewa na watu wanaishi chini yake. Kwahiyo kati ya kukusudia na kutokukusudia ndo kuna bonde lote. Na hapo utaona kesi kubwa za kwetu hazikuwa hata na fumbo la nani. Iringa wazee wanaikumbuka kesi ya Isimani, sikukuu ya Krismasi 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, wakati wa zile harakati za ujamaa na mashamba, akauweka mwili kwenye gari akaendesha mwenyewe mpaka polisi Iringa mjini. Nani kaua, hakuna aliyeuliza. Kilichopiganiwa mahakamani ni hali ya akili yake na hasira yake ile dakika, na mahakama ikakuta ni mauaji ya kukusudia. Angalia pia kifo cha mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, Nyololo kule Mufindi, Septemba 2012, picha za tukio zilienea nchi nzima na watu wengi wakaona hakuna cha kuuliza tena, lakini mahakama iliendelea kuuliza mpaka 2016, ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, miaka 15. Hizo ni familia za kweli, nazitaja kwa heshima, sio ploti za kuchezea. Ninachotaka uone ni kwamba "alikuwa anawaza nini" inaweza kumshika msomaji kuliko "ni nani".

Sasa kuandika, hapa ndo nimefurahi sana. Upelelezi kwa Kiswahili tunao wa siku nyingi, Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale 1960, Katalambulla akatoa Simu ya Kifo 1965, na baada yao wamekuja wengi. Lakini wengi wao stori inaishia mtu anapokamatwa, pingu, basi. Pale wao wanapofunga daftari ndo mahakama inapofungua. Bado kuna nafasi kubwa pale, na mtu wa Makambako ana haki nayo kama mtu yeyote.

Na una silaha ambazo watu wa sizoni za nje hawana, Kiswahili chenyewe. Chukua shahidi aseme: "Nilimuona anatoka mlangoni anakimbia, ameshika kitu, akaingia kwenye migomba." Mwanaume au mwanamke? Hajasema. Kiswahili hakimlazimishi kusema, anaweza kutoa ushahidi saa zima, wote mahakamani wakawa na picha ya mwanaume kichwani, askari naye aliyeandika maelezo akawa na picha ya mwanaume, na hakuna aliyedanganya. Miaka yote kabla sheria ya 2021 haijakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi alikuwa anasema Kiswahili na kumbukumbu inaandikwa Kiingereza, kwahiyo yule anayeandika ilibidi achague, jike au dume, na akishachagua limeandikwa. Stori nzima inaweza kukaa hapo, rufaa ya miaka kumi baadaye, mtu mmoja anarudi kumuuliza bibi yule yule: huyo uliyemuona, alikuwa mwanamke? Na bibi anajibu, ndiyo, kwani mlifikiri nani.

Au saa zetu. Shahidi kasema saa mbili usiku, mtu kaandika 2:00, msomaji wa pili kasoma kama saa nane usiku, masaa sita yamepotea, na ndani ya hayo masaa sita mshtakiwa alikuwa kwenye basi kutoka Tunduma na tiketi anayo. Au "alimpiga", kwa kitu gani? Ngumi, fimbo, risasi? Au bibi wa Kisafwa anayehitaji mkalimani, na mkalimani ni kijana wa mjini ambaye lugha ya bibi zake anaijua nusu na anaona aibu kusema. Hivi vitu havihitaji uvumbue muuaji mwenye akili nyingi sana.

Kitu kimoja usikifanye, usimlete muuaji dakika kumi za mwisho mtu ambaye msomaji hajawahi kumuona. Huo ni wizi kabisa. Msomaji kakupa usiku wake, lazima awe amekutana na jibu mapema, kalipita, kama mi nilivyoipita habari ya ng'ombe mara mbili nikiwa nasoma yale maelezo kabla sijashtuka.

Na mfanye marehemu awe mtu. Hili naliona kila kikao na bado linanigusa. Dereva bodaboda wa miaka ishirini na mbili, akiwa hai hakuna aliyemuuliza kala nini, afu kafa, na sasa mahakama nzima yenye majoho inakaa siku mbili kujua alinunua mandazi ngapi Kabwe, alilipa kwa noti au sarafu, alicheka au hakucheka. Mama yake amekaa pale anasikia dakika za mwisho za mwanae zinatajwa moja moja kwa sauti. Mwambie na hili mama mkwe wako. Nina hakika na yeye kuna mtu aliyeondoka ghafla ambaye angependa siku yake ya mwisho ielezwe hivo, na watu wasikilize.

Kuhusu kuanzia wapi: Makambako na Njombe si mbali. Ulizia siku Mahakama Kuu ikiwa na kikao cha kesi za mauaji huko, funga duka asubuhi moja, vaa vizuri, zima simu kabisa, usirekodi kitu, ingia ukae benchi la nyuma. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani, mwananchi anaruhusiwa, huhitaji barua. Mawakili usituangalie sana. Chagua shahidi mmoja uangalie mikono yake toka anapoapa mpaka anaposhuka, hasa wakati jaji anaandika na yeye anasubiri. Ukirudi niandikie aya mbili za hiyo mikono tu, mtu wenyewe usimtaje, nitazisoma na kukujibu.